Mfalme, dada yake na jua lililosimamishwa

Mimi kazi yangu ni akiolojia na nakiri, zamani mwenyeji akianza kunipa hadithi za kilima ninachochimba nilikuwa naitikia kwa adabu tu huku macho yako kwenye udongo. Newgrange ndiyo iliyonitoa ushamba.

Iko bonde la mto Boyne huko Ayalandi, kilima kilichojengwa na watu kama miaka 5,200 iliyopita, piramidi za Giza huko Misri hazijawazwa. Wenyeji wanasema humo wanaishi watu wa kilimani, sisi tungesema majini tukamaliza. Profesa Michael O'Kelly alipoanza kuchimba 1962, watu walikuwa wanamwambia eti kuna siku jua linaingia mpaka ndani kabisa, akadhani wanachanganya na Stonehenge, ule mduara wa mawe makubwa wa Uingereza. Basi Desemba 21, 1967, majira ya siku fupi kuliko zote za mwaka, akaingia asubuhi, peke yake, giza totoro, mara mwanga ukapenya kwenye kitundu kilicho juu ya mlango, ukatambaa kwenye ujia wa mita 19 hadi chumba cha ndani. Siku hizi unakaa dakika 17 hivi, halafu giza tena.

Lakini utamu wenyewe uko kilima jirani, Dowth. Hadithi iliyoandikwa karne ya 11 inasema mfalme Bressal, ng'ombe wamekufa kwa tauni wakabaki saba na dume moja, akaita wanaume wote wajenge mnara wa kufika mbinguni kwa siku moja, dada yake akalisimamisha jua kwa uchawi ili siku isiishe. Sasa mfalme akalala na dada yake, uchawi ukakatika, giza likaanguka ghafla, watu wakatupa zana wakaenda zao. Jina Dowth lenyewe linatokana na neno la giza.

Halafu 2020 wanasayansi wakapima DNA ya mwanaume aliyezikwa ndani ya Newgrange wakakuta wazazi wake walikuwa ama kaka na dada, ama mzazi na mtoto wake! Mimi nasita kusema hadithi ile ya Bressal ni kumbukumbu iliyobebwa kwa mdomo miaka 4,000, lugha zimebadilika, watu wamebadilika. Habari ya jua naielewa, maana hata Dowth jua la machweo linaingia siku hizohizo fupi za Desemba, mtu yeyote angeliona akatunga. Ila jua halimwambii mtu habari za kaka na dada.