Taa za omena kwenye pengo la ubao

Pale Mombasa, karibu na mnara wa taa wa Barabara ya Mama Ngina, benchi halikosi mwenzi wa picha: lenyewe limelala, mnara umesimama wima, jicho linajua pa kwenda. Hapa Kisumu, nilipoanza kupiga picha benchi moja lililotelekezwa upande wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwenzi huyo sikumpata. Kulikuwa na miguu ya zege, mbao chache, egemeo lililopoteza ubao wa katikati, na mafunjo yaliyolizonga kushoto. Picha za mwanzo nilizifuta zote. Zilionyesha ubovu, hazikuonyesha kwa nini mtu aliliweka pale.

Aliliweka kwa sababu ya magharibi. Kisumu imekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa hilo, hivyo jua huzama upande wa ziwa. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Baada ya jua kuzama una kama dakika 20 za anga la buluu, basi.

Dakika hizo ndizo ninazozitaka, maana ndipo wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wanapoanza kuwasha taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi kuna nyingi za betri na sola, nyeupe zaidi. Mwanga huwavuta omena juu, kwa hiyo wavuvi hupendelea usiku usio na mbalamwezi. Nami naifuata kalenda yao.

Kamera naiweka nyuma ya benchi, kwenye stendi, chini kidogo ya ukingo wa juu wa egemeo. Kimo hicho ndicho siri yote. Upeo wa maji hukaa sawa na kimo cha lenzi. Ukipiga ukiwa umesimama, benchi lote linazama chini ya upeo na kuonekana kama takataka ufukweni. Ukishuka, egemeo linakata anga, na upeo unapita katikati ya lile pengo la ubao. Taa za mitumbwi zinaingia humo.

Natumia lenzi pana ya milimita 24, tundu lake likiwa f/8, fokasi kwenye benchi umbali wa mita 3; taa za mbali nazo hubaki kali. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, napandisha hadi 800 ili shata isikae wazi zaidi ya sekunde 2. Ukiiacha sekunde 10, mitumbwi inayumba na kila taa inageuka mchirizi.

Mzee anayeshona nyavu zake hapo alinionya nisikae giza likikolea, kwani viboko hupita wakienda malishoni. Namtii, hata anga likiwa bado zuri.

Ningependa benchi hilo litengenezwe hata kesho. Dirisha langu litazibwa, lakini mzee atapata pa kuegemea.