Biopolima: akiba ya bakteria inayogeuka plastiki

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana kama shanga kwenye uzi. Ile mifuko inayofanana na kitambaa, tuliyoikimbilia hapa Nairobi baada ya marufuku ya Agosti 2017, nayo ni polima, na asili yake ni mafuta ghafi ya petroli. Biopolima ni polima iliyotungwa na kiumbe hai: wanga wa muhogo, nyuzi za pamba, na nyingine zitengenezwazo na bakteria.

Katika hizo za bakteria, inayonivutia zaidi ni PHB, kifupi cha polyhydroxybutyrate. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza baada ya kuikuta ndani ya Bacillus megaterium. Kwa bakteria huyo ni akiba ya chakula, kama mafuta mwilini mwetu. Kwetu ni plastiki: huyeyuka kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi na kumiminwa kwenye kalibu.

Siri yake ni njaa ya upande mmoja. Bakteria hupewa sukari tele, hewa na joto la nyuzi 30 hivi, kisha hunyimwa naitrojeni. Ni kama fundi anayeletewa mawe lori baada ya lori, saruji hakuna: hawezi kujenga, basi huyarundika kando. Bila naitrojeni bakteria hawezi kuunda protini wala kuongezeka, kwa hiyo sukari huigeuza punje za PHB. Bakteria aitwaye Cupriavidus necator anaweza kujaza PHB hadi asilimia 80 ya uzito wake mkavu.

Gharama iko kwenye sukari. Kilo 1 ya PHB hula takriban kilo 3, na kuichota sukari ya chai ya watu kwa kazi hiyo ni kosa. Ndiyo maana mabaki ya shamba yana thamani. Molasi ya viwanda vya miwa iko tayari, ila wafugaji wa Kiambu huihitaji kwa ng'ombe. Mimi ningeanza na magunzi ya mahindi na maganda ya viazi yanayooza soko la Marikiti, ingawa wanga na selulosi yake sharti vivunjwe kwanza kuwa sukari kwa asidi au vimeng'enya.

Mwishowe bakteria hupasuliwa na PHB husafishwa. Plastiki hiyo ni ngumu lakini huvunjika upesi, hivyo mara nyingi huchanganywa na polima nyingine. Ikifukiwa udongoni, vijidudu huila polepole. Kwao bado ni chakula.