Je, wajua kwa nini vyungu vya Ikombe hufika sokoni kwa mtumbwi?

Kila Jumamosi mitumbwi iliyosheheni vyungu hutia nanga Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu mashariki ya kijiji cha Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa kabila la Wakisi, hasa wa kijiji cha Ikombe kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone. Kwa vizazi vingi barabara yao imekuwa ziwa, na sababu imelala ardhini.

Ziwa Nyasa limo ndani ya Bonde la Ufa, lakini hapa kaskazini bonde halikudidimia sawasawa. Ufa mkuu upo upande wa mashariki tu. Kando ya ufa huo ardhi ilizama, na nyuma yake ikabaki imesimama: ndiyo Milima ya Livingstone, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko takriban mita 475. Mteremko huo hauishii ufukweni. Unaendelea chini ya maji, na ndiyo maana hatua chache kutoka kwenye mwamba kina huwa kirefu ghafla. Kati ya mlima na maji hubaki vipande vyembamba vya ardhi, vinavyotosha nyumba, migomba na shamba dogo la muhogo.

Magharibi mambo ni tofauti kabisa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha tope kutoka nyanda za juu na kulitandaza. Tope hilo ndilo tambarare la Kyela, lenye mpunga unaosifika nchi nzima. Hilohilo ndilo limekuwa likijaza bandari ya Itungi hadi meli zikapata shida kuingia. Kwa hiyo upande mmoja una ardhi tele lakini maji hayana kina, na wa pili una kina tele lakini hauna pa kupitisha barabara kwa urahisi.

Chungu chenyewe kinaeleza yaliyobaki. Mfinyanzi hatumii gurudumu: hujenga kwa mkono, hulainisha, hupamba kwa rangi nyeupe na nyekundu ya udongo, huanika hadi kikauke kabisa, kisha huchoma kwa moto wa wazi. Kikichomwa kingali na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Moto wa wazi hauna joto la tanuri, hivyo chungu hubaki na vitundu vidogo mno. Faida yake ni kwamba kinastahimili moto wa mafiga bila kupasuka, na mtungi hupoza maji kwa sababu unyevu huvuja polepole na kukauka kwa nje. Hasara ni kwamba hakivumilii kugongwa. Njia ya miguu juu ya miamba ingekula nusu ya mzigo. Mtumbwi hubeba vingi kwa safari moja bila kuvitikisa sana.

Bila shaka mtumbwi nao una saa zake. Usiku hewa baridi hushuka kutoka mlimani kuelekea ziwani. Mchana ardhi ikipata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Ziwa huwa tulivu zaidi alfajiri hadi katikati ya asubuhi. Hatari kubwa ni upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wengi wa ziwa hili huuita mwera, unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo huu hufuata urefu huo. Mawimbi hukua njia nzima, na Matema iko mwisho wa njia. Nahodha akisema leo hatutoki, mwamini, hata kama ufukweni pameanza kutulia.

Anayetaka kuona soko basi afike Ijumaa. Kutoka Mbeya unapita Uyole na Tukuyu, unashuka hadi Kikusya, kisha unaacha barabara kuu kuelekea Ipinda na Matema. Tukuyu kuna ubaridi na Matema kuna joto la jasho, maana umeshuka karibu kilomita nzima. Chandarua ni lazima, malaria ipo. Mvua za Kyela ni nzito, na Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuziogopa. Ukitaka kuendelea hadi Ikombe, patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, dai jaketi okozi, na panga kurudi kabla ya upepo wa mchana.

Ukinunua chungu, kining'inize kwa mkono mmoja na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kifunge kwa nyasi kavu au majani makavu ya migomba, wala usipange kimoja ndani ya kingine bila kitu katikati. Nyumbani kiloweke usiku kucha, kisha pika humo uji mwepesi kwa moto mdogo: wanga huziba vile vitundu. Wanaokipeleka moja kwa moja kwenye moto mkali ndio wanaolalamika kwamba kimepasuka.

Kuhusu kuoga, waulize wenyeji. Midomo ya mito iepukwe kwa sababu ya mamba. Kichocho kipo katika ziwa hili, na maji maang'avu si ushahidi wa usalama, kwani vijidudu vyake havionekani kwa macho. Jifute mara utokapo majini, kisha upime baada ya miezi miwili au mitatu. Kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ya pili hakusaidii: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na wale wachanga huwaacha wakue.