Lango la hekalu lilijengwa kwa ajili ya walioishia nje

Mgeni akifika Edfu, kusini mwa Misri, hupiga picha moja mbele ya lango la hekalu la mungu Horus, kisha huharakisha kuingia ndani. Ningemwomba asimame kwanza, tena kwa muda mrefu. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa cha makuhani, waliohudumu kwa niaba ya mfalme. Mkulima, mvuvi na mfinyanzi wa Edfu ya kale huenda walifika uani siku za sikukuu, lakini siku nyingine zote waliishia hapa. Kwao lango ndilo lililokuwa hekalu, na sisi watu wa makumbusho tungetenda haki zaidi kama tungelieleza hivyo.

Wamisri waliliita bekhenet. Leo wataalamu hutumia neno la Kigiriki, piloni. Ni minara miwili mipana ambayo kuta zake huinamia ndani kadiri zinavyopanda, na katikati yake mlango ulio mfupi kuliko minara. Minara ya Edfu ina kimo cha mita 36 hivi, na ndani yake mna ngazi na vyumba. Ukiitazama kwa mbali unaona vilima viwili na bonde. Umbo hilo linakumbusha akhet, alama ya maandishi yao iliyoonyesha jua likichomoza kati ya vilima, na juu ya mlango wamechonga jua lenye mabawa. Wengi wa watu wa wakati ule hawakujua kusoma, lakini ujumbe wa namna hii hauhitaji darasa.

Sogea karibu na ukuta. Utaona mifuo minne iliyo wima, miwili kila mnara, imechimbwa kwenye jiwe kutoka chini kwenda juu. Juu ya kila mfuo kuna tundu la mraba ambalo wengi hudhani ni dirisha. Hapo ndipo milingoti ya bendera ilipokaa, na matundu yale yalikuwa ya vifungo vilivyoishikilia isiyumbe. Kwa mahekalu makubwa mbao zilitolewa mbali, hata mierezi ya Lebanoni. Tunajuaje sura yake? Katika hekalu la Luxor, mfalme Ramses wa 2 alichonga ukutani picha ya lango lake mwenyewe: minara, sanamu, obeliski mbili (nguzo ndefu za jiwe zenye ncha juu), na bendera juu ya milingoti. Obeliski moja kati ya hizo sasa iko Paris, ilikosimamishwa mwaka 1836. Bendera hazipo tena, kwa hiyo lango tunaloliona leo ni tulivu na limepauka kuliko lile walilolijua wao, lililopakwa rangi na kupepea.

Kwenye kuta za minara ya Edfu mfalme Ptolemaio wa 12, baba yake Cleopatra, amewashika maadui kwa nywele na kuinua rungu mbele ya Horus. Mchongo uko pande zote mbili, kama mtu na kivuli chake kiooni. Lakini mwaka 58 KK watu wa Misri walimfukuza, akakimbilia Roma, na milango ya mbao ilipotiwa mwaka 57 KK, miaka 180 tangu ujenzi uanze, yeye alikuwa bado ugenini. Ukuta uliendelea kumsema kama mshindi. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mfalme anavyopaswa kuwa, si alivyokuwa.

Piloni pia ina tumbo, na humo mna hazina. Huko Karnak, kwenye mahekalu makubwa karibu na Luxor, mfalme Amenhotep wa 3 alijaza piloni yake, ya tatu kwa hesabu ya leo, kwa mawe ya majengo yaliyobomolewa. Karne ya 20 yalitolewa moja baada ya jingine, na miongoni mwake kukapatikana takriban kihekalu kizima cha mawe meupe ya chokaa cha Senusret wa 1, mfalme aliyemtangulia Amenhotep kwa zaidi ya miaka 500. Mhandisi Mfaransa Henri Chevrier alikijenga upya, na kinasimama Karnak hadi leo. Mfalme Horemheb naye alibomoa mahekalu ya Akhenaten, mfalme aliyeikataa miungu ya zamani, na kutumbukiza vipande vyake ndani ya piloni zake. Alitaka kumfuta mtu yule, lakini amemtunzia makumi ya maelfu ya mawe, mengine yakiwa bado na rangi.

Piloni ya kwanza ya Karnak, yenye upana wa mita 113, haikumalizika kamwe. Nyuma yake lingali lipo tuta la matofali ya udongo walilotumia kupandishia mawe.

Lango hili halikuwa la Misri peke yake. Huko Naqa, nchini Sudan, wafalme wa Kush, ufalme wa kale kusini mwa Misri, walimjengea Apedemak, mungu wao mwenye kichwa cha simba, hekalu lenye piloni katika karne ya 1 BK. Mnara mmoja una mfalme Natakamani akiwapiga maadui. Mnara wa pili una malkia Amanitore, naye ameinua silaha, mpana wa nyonga, kimo kilekile na cha mfalme, na simba miguuni pake akirarua. Zunguka ubavuni mwa mnara utamkuta Apedemak mwenyewe: nyoka anayejikunjua kutoka kwenye ua la yungiyungi, mwenye mikono ya binadamu na kichwa cha simba. Yeyote aliyepita nje aliweza kumwona.