Bledi ya Trekta Haikati? Acha Kutafuta Mawe ya Kuipakia

"Fundi, bledi haikati. Niipakie kilo ngapi?" Swali hili, kuhusu bamba la chuma linalofungwa nyuma ya trekta kukata na kusawazisha ardhi, hunifikia karibu kila mara likiwa limeshajijibu. Mwenye trekta haulizi kwa nini kisu kinateleza juu ya ardhi. Ameshaamua kuwa bledi ni nyepesi, na kilichobaki ni kutafuta mzigo. Wengine wanakuja wakiwa wameshafunga vipande vya reli au mifuko ya mchanga juu ya fremu. Wengine wamempandisha kijana asimame juu yake.

Hilo la kijana nalimaliza kwanza. Mtu hapandi juu ya bledi inayofanya kazi, kamwe. Kisu kikinasa kwenye jiwe au kisiki trekta linashtuka, na aliyesimama pale anaangukia mbele ya bamba au karibu na tairi la nyuma. Hakuna njia wala uwanja unaostahili hatari hiyo.

"Bledi ni nyepesi, ndiyo maana haikati"

Uzito unasaidia, sikatai. Bledi mbili zikitegwa sawasawa, nzito itakata kuliko nyepesi. Ninachokataa ni kuanza na uzito, kwa sababu bledi nyingi ninazoitiwa zina uzito wa kutosha kwa kazi iliyopo, ila zimetegwa vibaya. Seremala akiona randa yake inateleza juu ya ubao haiwekei tofali. Anatazama kisu kimekaaje.

Basi tutazame kisu. Bamba la bledi limejipinda, na chini yake kuna kisu kilichofungwa kwa boliti. Kisu kikiwa kimelala kidogo huku makali yakitazama mbele, kinaingia chini ya udongo na kuunyanyua, nao unapanda kwenye bamba ukijiviringisha. Kikisimama wima, au makali yakatazama nyuma, kinaburuza tu. Utaona vumbi na changarawe vikisukumwa mbele, na nyuma yako unaacha ardhi iliyong'aa kama imepigwa pasi. Ukiona mng'ao huo usiende kutafuta mawe. Shuka ushike toplinki, ile fimbo ya juu ya skrubu inayounganisha trekta na bledi, inayorefushwa na kufupishwa kwa kuizungusha.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokwenda kinyume. Wanaifupisha. Mazoea hayo yametoka kwenye plau: ukifupisha toplinki ya plau, pua inainama na majembe yanazama zaidi. Bledi ya sanduku, ile yenye kuta za pembeni na meno ya mbele, nayo iko hivyo hivyo. Lakini bledi ya kawaida ya nyuma haina pua. Ina kisu kimoja tu, kiko mwisho kabisa wa fremu. Ukifupisha toplinki, sehemu ya juu ya bamba inavutwa mbele na makali yanarudi nyuma, yaani umeizuia kukata. Ukiirefusha, juu ya bamba panarudi nyuma na makali yanaelekea mbele. Kwa hiyo kama unataka kukata, refusha. Kama unataka kusambaza na kulainisha udongo uliokwisha kulegea, fupisha. Natamani sentensi hizo mbili zingechorwa kwa rangi kwenye kila fremu ya bledi inayotoka kiwandani.

Namna ninayoifanya ni hii. Egesha trekta mahali tambarare na pagumu, shusha bledi hadi kisu kiguse, zima injini, kisha simama ubavuni uone makali yanatazama wapi. Weka alama ya chaki kwenye toplinki ili ukipotea ujue pa kurudia. Irefushe raundi mbili, kata mita kumi hivi, shuka utazame udongo. Bado inateleza? Ongeza raundi mbili nyingine. Ikianza kuchimba ghafla na kurukaruka, umepita kiasi. Rudisha raundi moja. Ukiendelea kurefusha hata baada ya hapo, kisu kinalala mno hadi mgongo wake na vichwa vya boliti ndivyo vinavyokanyaga ardhi, na bledi inaanza kuteleza upya. Usifungue skrubu ya toplinki kupita alama ya mwisho, maana nyuzi chache zilizobaki hazitabeba mzigo. Kumbuka pia kwamba toplinki ndefu huifanya bledi ining'inie chini zaidi unapoiinua, kwa hiyo angalia nafasi iliyobaki kabla ya kuingia barabarani.

Jambo la pili wanaloliruka wanaotafuta mzigo ni kona. Fanya hesabu hii. Chukua bledi ya kilo 200 yenye upana wa mita 2, na tuseme uzito wote umeshuka kwenye kisu. Ikiwa sawa kushoto na kulia, kila sentimita ya kisu inapata kilo 1. Ukiipakia kilo 100 za mawe, kila sentimita inapata kilo moja na nusu. Sasa yaache mawe. Inamisha bledi upande mmoja ili sentimita 20 tu za kona ndizo ziguse ardhi: kila sentimita inapata kilo 10. Hakuna mawe utakayoyapakia yakakupa hivyo. Kona ikishapasua ardhi ngumu, mpito unaofuata unaishika kingo iliyolegea na kuimenya, halafu mwingine hivyo hivyo, hadi upana wote umekatika. Mwinamo huo unaupata kwa kuzungusha fimbo ya kuinulia ya mkono wa chini (mmoja wa mikono miwili ya trekta inayobeba bledi), ile yenye mpini, na kwenye matrekta mengi iko upande wa kulia. Watu wanaimiliki miaka yote na hawajawahi kuigusa.

Pamoja na kona, geuza bledi ikae mshazari, kati ya nyuzi 30 na 45. Ikiwa imenyooka inajikusanyia udongo mbele hadi inalemewa. Ikiwa mshazari, udongo unatiririka kando na kisu kinabaki na kazi ya kukata. Kabla ya hapo kaza minyororo au vizuizi vya pembeni vya mikono ya chini, la sivyo fremu nzima itasukumwa upande na utadhani bledi imepinda.

Tatu, ardhi yenyewe. Udongo wa mfinyanzi uliokauka na kukanyagwa na magari haukatwi na bledi ya trekta, uwe umeitega kama malaika. Ama upasue kwanza kwa ripa au plau ya chizeli, vifaa vyenye meno marefu ya kupasua ardhi, ama subiri mvua. Siku moja au mbili baada ya mvua, shika udongo uufinye mkononi: ukishikamana bila kunata kwenye vidole, huo ndio wakati. Naona watu wanaimaliza bledi kwa kupigana na ardhi kavu, halafu udongo ukilainika wao wamelala.

Ukishafanya hayo yote, toplinki, kona, mshazari na unyevu, na bado ardhi imekataa, hapo tuzungumze uzito. Hata hapo ufungwe imara kwa boliti au mnyororo, katikati ya fremu, na upimwe dhidi ya trekta lako. Mzigo wa nyuma unanyanyua magurudumu ya mbele bledi inapoinuliwa, na miongozo mingi ya matrekta inataka angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye ekseli ya mbele ili usukani ushike. Mlimani, trekta lenye pua nyepesi haliongozeki.

"Nimeisukuma leva hadi chini kabisa"

Na haijaongeza hata kilo moja. Haidroliki ya pointi tatu (toplinki na mikono miwili ya chini), inayoendeshwa na leva hiyo, kwenye trekta la kawaida huinua tu. Kushuka ni kazi ya uzito wa kifaa. Kisu kikishagusa ardhi, kuendelea kusukuma leva kunaiacha mikono ielee. Yapo matrekta yenye silinda za kukandamiza, lakini kama lako lingekuwa nazo ungeweza kuyanyanyua matairi ya nyuma kwa bledi. Jaribu uone.

Kama trekta lako lina leva mbili, hakikisha unashika ile ya mkao, inayoshikilia kifaa kwenye kimo ulichochagua, si ile ya mvuto. Udhibiti wa mvuto ni ubunifu wa Harry Ferguson, uliingia sokoni mwaka 1936 kwenye trekta la Ferguson-Brown, na ulikusudiwa kwa ajili ya plau: mvuto ukizidi, mfumo unainua kifaa kidogo wenyewe. Kwa plau ni msaada mkubwa. Kwa bledi ni balaa, maana kila udongo unapoanza kujaa, bledi inanyanyuka pale pale ulipotaka ikate. Iweke leva ya mvuto mahali ambapo haiingilii.

"Nahitaji trekta lenye nguvu zaidi"

Matairi yako yanazunguka bure? Injini inazama? Kama jibu ni hapana, nguvu ipo na haitumiki, kwa sababu kisu hakijashika kitu. Trekta kubwa zaidi litaiburuza bledi ile ile juu ya ardhi ile ile, kwa mafuta mengi zaidi.

"Kisu lazima kinolewe kiwe kikali"

Hapana. Kisu cha bledi ni chuma kigumu cha kustahimili msuguano, na makali membamba yatakwisha kwenye changarawe siku hiyo hiyo. Ukikinoa kwa grainda hadi kibadilike rangi, umekiharibu ugumu wake kwa joto. Kinachotakiwa ni kisiwe kimeviringika. Visu vingi vina makali pande mbili: upande mmoja ukiisha, fungua boliti ukigeuze. Fanya hivyo mapema, kabla ardhi haijaanza kula bamba lenyewe, maana bamba halibadilishwi kirahisi.

"Mawimbi yanatokana na dereva mbovu"

Dereva anachangia akienda kasi, lakini chanzo kikubwa ni mahali bledi ilipo. Iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele yakipanda tuta, bledi inazama. Yakishuka shimoni, inanyanyuka. Kila kasoro ya ardhi inarudi nyuma yako ikiwa imepinduliwa, na mpito unaofuata unaikuza. Kufukuzana na mawimbi kwa leva kunayazidisha, kwa sababu mkono wako unachelewa kila mara. Tega leva, iache, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na upite mshazari wa mawimbi badala ya kuyafuata. Kama una kazi nyingi ya namna hii, nunua magurudumu ya kupimia kina yanayofungwa nyuma ya bledi. Ushauri huo naurudia kwa kila mtu, na hela yake ni bora mara nyingi kuliko ya mawe.

Wapo pia wanaoigeuza bledi mgongo mbele wakiamini itachimba zaidi. Mgongo wa bamba haukati. Ni mzuri kwa kusambaza udongo uliolegea na kulainisha, basi. Na ukisukuma kinyumenyume, iwe udongo laini tu. Mikono ya chini imetengenezwa kwa kuvuta, na kisiki kimoja kinatosha kuipinda.

"Mashimo ya barabara hujazwa"

Huu ndio mwisho wa malalamiko mengi ya "bledi haikati": imekata sentimita mbili za juu, udongo umemwagikia kwenye mashimo ya sentimita saba, kila kitu kinaonekana safi, na mvua ya kwanza inayafungua yote mahali pale pale. Udongo mlegevu haushikani na sakafu ngumu ya shimo. Inabidi ukate hadi kwenye sakafu ya mashimo, kwa mipito midogo midogo na si mmoja, ndipo uurudishe udongo wote. Na usiilaze barabara ikawa bapa, maana maji yatatuama na kuyachimba upya. Ipe mgongo katikati, mteremko wa asilimia 4 hivi kwenda kila upande: kwa barabara ya mita 4, katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 8. Kisha shindilia udongo ungali na unyevu, hata kama ni kwa matairi ya trekta lenyewe.