Risasi za Kujaza Nyumbani na Bastola za Mashindano: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu akisikia kwamba mlenga shabaha fulani hujaza risasi zake mwenyewe, humdhania kuwa ama ni bahili anayeikimbia bei ya dukani, ama ni mpenda makuu anayetafuta risasi kali kuliko zinazouzwa. Nimeshindana kwa miaka kadhaa katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola huku ukikimbizana na saa, katika klabu moja nchini Marekani inayofuata kanuni za USPSA, chama cha mchezo huo kilichoanzishwa mwaka 1984 kikiwa tawi la huko la shirikisho la kimataifa la IPSC, na katika muda huo nimeulizwa na ndugu na marafiki maswali yale yale mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyajibu kwa maandishi. Karibu kila dhana potofu nitakayoitaja hapa inatokana na kutoelewa jambo moja: katika mchezo huu hatutafuti risasi yenye nguvu wala bastola ya ajabu, bali tunatafuta risasi ya mia tano iwe sawasawa na ile ya kwanza.

Kwa asiyejua, risasi nzima ina sehemu nne, yaani ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda ili kuwasha baruti, baruti yenyewe ndani ya ganda, na kichwa kinachotoka mtutuni. Ikishapigwa, ganda ndilo pekee linaloweza kutumika tena. Mjazaji hulisafisha, hulipitisha kwenye kalibu ya chuma inayong'oa fataki iliyoungua na kulirudishia kipenyo chake, kisha huweka fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya.

Dhana: Kujaza risasi ni njia ya kuokoa pesa

Hesabu ya risasi moja moja inaonekana kuiunga mkono dhana hii, kwa kuwa ganda ni sehemu ghali na hutumika mara nyingi. Hata hivyo, risasi ya milimita 9, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi, hutengenezwa viwandani kwa wingi mno hivi kwamba nafuu anayoipata mjazaji ni ndogo, na mashine ya kujazia inayotoa risasi kila mkono unapovutwa hugharimu mamia ya dola kabla hujanunua mizani, kalibu na chombo cha kusafishia maganda. Wakati wa uhaba wa mwaka 2020 na 2021, fataki ziliadimika na bei yake ikapaa, na waliokuwa wakijisifia nafuu wakanyamaza. Anayetumia risasi za bei ghali kama .45 au .38 Super huipata nafuu hiyo kweli, lakini hata yeye, kwa ninavyowajua wenzangu, haweki akiba yoyote: aliyekuwa akipiga risasi mia mbili kwa mwezi huanza kupiga mia nne, na fedha huishia pale pale.

Dhana: Risasi kali zaidi ndiyo bora zaidi

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na kanuni zenyewe zinaipinga. Katika mchezo huu nguvu ya risasi hupimwa kwa kuzidisha uzito wa kichwa, katika kipimo kiitwacho greni, kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Greni 7,000 hufanya ratili moja, hivyo kichwa cha greni 124 kina uzito wa gramu 8 hivi. Kiwango cha chini kinachokubaliwa katika daraja la nguvu ndogo ni 125, na katika daraja la nguvu kubwa, kwa kanuni za USPSA, ni 165. Risasi ya dukani ya greni 124 inayokwenda kwa kasi ya futi 1,150 hupata 142.6, yaani inampa mpigaji msukumo wa ziada ambao haumwongezei hata alama moja. Mjazaji huishusha kasi hiyo hadi futi 1,050, akapata 130.2, na bastola ikarudi shabahani upesi zaidi kila baada ya mlio.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutumia kichwa kizito cha greni 147 kwa kasi ya futi 890 tu, wakapata 130.8. Kwenye karatasi risasi hizo mbili zinalingana, ila mkononi hazilingani, kwa sababu kichwa kizito huhitaji baruti kidogo, na gesi ya baruti inayofumka mtutuni nayo ni sehemu ya kinachomsukuma mpigaji. Si tofauti kubwa, na wapo wanaoapa kwamba haipo. Mimi naisikia, hasa mwisho wa siku mkono ukishachoka.

Je, nguvu kubwa haina faida kabisa? Inayo, lakini mahali maalumu. Shabaha ya karatasi ina maeneo yanayoitwa A, C na D. Eneo la A huleta alama 5 kwa wote, ilhali C huleta alama 4 kwa mwenye nguvu kubwa na 3 kwa mwenye nguvu ndogo, na D huleta 2 au 1. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia mshindani. Tuseme wawili wamepiga risasi kumi na sita kila mmoja, kumi zikaingia A na sita C: wa nguvu kubwa atapata alama 74 na mwenzake 68. Kwa anayekusanya alama saba kila sekunde, pengo hilo halifiki sekunde moja, na mtu mwenye bastola tulivu anaweza kulifidia kwa mwendo. Tena katika baadhi ya madaraja ya vifaa, kama Production na Carry Optics, washindani wote huhesabiwa kuwa wa nguvu ndogo hata wakipiga na mzinga, kwa hiyo anayeingia humo na risasi za .40 zilizojaa nguvu anajichosha bure.

Dhana: Baruti nyumbani ni bomu linalosubiri kulipuka

Jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu sana, kama nyumba yake ilikuwa salama. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, huungua kwa kasi lakini hailipuki kama baruti ya kupasulia miamba inapokuwa haijabanwa. Ukiwasha chembe chache juu ya kigae uwanjani huwaka kwa mwali wa manjano na kwisha. Huhifadhiwa katika kopo lake la asili, mahali pakavu na pa baridi, mbali na moto. Kinachohitaji woga zaidi ni fataki, kwa kuwa ndani yake mna kilipuzi halisi kinachoshtuka kwa kugongwa. Ndiyo maana kiwanda huzipanga moja moja katika trei, na anayezimimina zote ndani ya chupa ili zisimchukulie nafasi amejitengenezea hatari ambayo kiwanda kilikwisha kuiepuka.

Hatari inayosahauliwa ni ya kimyakimya. Fataki nyingi zina risasi, yaani madini yale mazito yenye sumu, na mabaki yake hubaki ndani ya maganda yaliyopigwa. Vumbi linalotimka unapoyasafisha huingia puani na kushika vidoleni, na kutoka vidoleni huingia kwenye chapati. Mjazaji makini husafishia maganda nje au kwa maji, hali wala hanywi mezani pa kazi, na hunawa kabla ya kumshika mtoto.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, hutokea kwenye mashine, nayo ina sura mbili: ganda lisilopata baruti na ganda lililopata baruti mara mbili. Baruti nyingi za bastola ni kali hivi kwamba kipimo chake hakifiki nusu ya ganda. Ganda la .38 Special, kwa mfano, lilibuniwa mwaka 1898 zama za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, na kwa hiyo kipimo cha siku hizi huonekana chini kabisa kama sukari iliyobaki kikombeni, na hata ukikiweka mara mbili bado ganda halifuriki. Jicho lazima litazame. Mimi hupanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, nikayamulika kwa tochi kutoka juu, nikalinganisha kina cha baruti safu kwa safu kabla kichwa chochote hakijawekwa. Wanaotumia mashine ya mfululizo hufunga taa ndogo na kutazama kila ganda linapopita.

Nilishuhudia ganda tupu likifanya kazi yake katika mashindano ya klabu. Mshindani alikuwa katikati ya mbio, milio ikifuatana vizuri, kisha ikasikika sauti hafifu kama kizibo cha chupa ya soda. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa hadi mwanzo wa mtutu na kukiacha pale. Bila kufikiri aliivuta bastola kutoa ganda na kupakia nyingine, huku mwamuzi akimpigia kelele asimame. Risasi iliyofuata haikuingia chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, kwa sababu kichwa kilichokwama kiliizuia. Kingekuwa kimesogea mbele kidogo tu ingeingia, angefyatua, na mtutu ungepasuka mkononi mwake.

Dhana: Kipimo kilichomfaa rafiki kitanifaa na mimi

Ganda la milimita 9 ni dogo, na shirika la SAAMI, ambalo tangu mwaka 1926 limekuwa likiweka viwango vya watengenezaji wa Marekani, limeliwekea ukomo wa shinikizo la pauni 35,000 kwa inchi mraba, ikilinganishwa na 21,000 kwa .45 ACP iliyo pana. Katika ganda dogo namna hiyo, kukididimiza kichwa milimita chache zaidi ya ilivyopangwa hupunguza nafasi ya gesi na kupandisha shinikizo ghafla, hata kama baruti haikuongezwa. Umbo la kichwa, aina ya baruti na chemba ya bastola yako vyote vimo katika hesabu. Ndiyo sababu tunafuata majedwali yanayotolewa na watengenezaji wa baruti, tukianzia kipimo cha chini, na hatunakili karatasi ya mtu. Urefu wa risasi nao huhakikiwa kwa bastola yenyewe: mtutu ukiwa umetolewa, risasi idondoshwe chembani, ilie tak, izunguke kwa kidole bila kukwama, na ukigeuza mtutu ianguke.

Dhana: Ukinunua bastola ya bingwa utashindana naye

Bastola za daraja la Open zina lenzi yenye nukta nyekundu na mdomo unaorusha gesi juu ili mtutu usiinuke, na anayezitazama kwa mara ya kwanza hudhani ushindi umo ndani yake. Lakini washindani hupangwa kwa madaraja ya vifaa, hivyo mwenye bastola hiyo hukutana na wenye bastola kama hiyo, wengi wao wakiwa na uzoefu wa miaka mingi. Isitoshe, ni mashine iliyobanwa sana, na anayeanza hutumia msimu wake wa kwanza akitafuta fundi.

Ningemshauri anayeanza anunue bastola ya kawaida ya milimita 9 inayomkaa mkononi, ala ngumu inayofunika kifyatulio, mkanda usiopinda, vilinda masikio na miwani, kisha fedha iliyobaki iende kwenye magazini, yaani vibweta vya risasi vinavyochomekwa kwenye bastola, na risasi za mazoezi. Magazini ndizo chanzo cha sehemu kubwa ya kukwama. Ziandike namba kwa kalamu ya wino mzito. Utagundua kwamba bastola uliyokuwa ukiilaumu hukwama kwa namba nne tu.

Kinyume cha dhana hiyo nacho kimeenea, hasa tangu Olimpiki ya Paris mwaka 2024, pale Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye umri wa miaka 51, alipopata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika bastola ya hewa ya mita 10 kwa timu mchanganyiko. Picha yake akiwa na mkono mfukoni na miwani ya kawaida ilienea duniani, na watu wakasema kwamba vifaa havina maana. Alichokiacha ni lenzi maalumu na kizibo cha jicho, kwa kuwa hulenga macho yote yakiwa wazi. Bastola aliyoishika ilikuwa chombo cha mashindano sawa na za wenzake, na duara la alama kumi alilolilenga lina kipenyo cha milimita 11.5.

Wala wanamichezo wa Olimpiki hawajazi risasi. Bastola ya hewa haina baruti, na ile ya mita 25 hutumia risasi ndogo za .22 ambazo kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa ganda, wala hazikuundwa kujazwa tena. Wao hujaribu mafungu ya kiwandani, na fungu lililokubaliana na mtutu wao hununuliwa kwa wingi.

Neno kuhusu sheria

Yote haya ni ya Marekani, ambako mtu hujaza risasi za matumizi yake bila leseni, ingawa anayetaka kuziuza lazima apate leseni ya serikali ya shirikisho. Msomaji aliye Tanzania au Kenya asichukulie makala haya kuwa ruhusa, kwa maana huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Dhana: Ikipita nyumbani itapita mashindanoni

Katika mashindano makubwa kipo kituo ambako kila mshindani hufika na risasi nane zilizochukuliwa kwake bila kutarajia. Moja hubomolewa, kichwa chake kikapimwa kwenye mizani, na tatu hupigwa mbele ya kipima-kasi. Aliyepima kasi yake mchana wa joto la Julai akapata nguvu ya 126, huenda asubuhi ya baridi ya Septemba akapata 124 na nukta, kwa sababu baruti nyingine hupoteza kasi zikipoa na vipima-kasi viwili havikubaliani kikamilifu. Ndiyo maana wengi huacha nafasi hadi 130. Asiyefika 125 hupigiwa tatu nyingine, na kasi tatu kubwa katika zile sita ndizo zinazohesabiwa. Akishindwa tena hubaki na risasi moja, na mwamuzi humwuliza: tuipige, tukitumaini kasi itakuwa kubwa, au tuibomoe, tukitumaini kichwa chake kitakuwa kizito kuliko cha kwanza? Ikishindikana hata hapo, anaruhusiwa kuendelea kupiga hadi mashindano yaishe, ila hakuna alama yake itakayoandikwa.