Kibera ilipokuwa ardhi ya jeshi

Watu wakiniuliza kwa nini mgogoro wa ardhi ya Kibera, jijini Nairobi, hauishi, huwarudisha mwaka 1918, eneo hilo la ekari zaidi ya 4,000 lilipotangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kazi yangu ni faili za ardhi za enzi ya ukoloni, na kwa maoni yangu shida ilianzia kwa namna jeshi lenyewe lilivyoisimamia ardhi hiyo.

Waingereza hawakutumia utaratibu mmoja kila mahali. Kule Hong Kong, kulikokaa vikosi kutoka Uingereza, kambi na ngome zilikuwa chini ya Wizara ya Vita ya London. Mipaka iliwekewa mawe yaliyochongwa alama ya mshale wa mistari mitatu, na gavana akikitaka kiwanja ilibidi azungumze na London kwanza. Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni. Ardhi yake ilikuwa ya serikali ya koloni, imetengwa tu kwa tangazo, na tangazo hufutwa kwa tangazo jingine.

Kibera walikaa askari Wanubi wa Keya, wenye asili ya Sudan, pamoja na familia zao. Wengi walistaafu bila pensheni, shamba likawa ndiyo pensheni yao. Walichopewa mkononi ni pasi: karatasi ya kumruhusu mwenyewe kujenga na kulima. Nyumba aliijenga kwa jasho lake, lakini kiwanja kilibaki cha serikali. Hakuwa na hati ya kumrithisha mtoto wala ya kusimama nayo mahakamani.

Mwaka 1928 Keya ikaukabidhi usimamizi wa Kibera kwa serikali ya kiraia. Hapo ndipo pangetengenezwa mambo: kupima viwanja, kuandikisha wenye pasi, kuwapa hati. Hayakufanyika. Tume ya Ardhi ya Carter, mwaka 1933, iliwahesabu Wanubi kama wapangaji ambao serikali ingeweza kuwaondoa, ingawa ilisema wasihamishwe bila kupewa ardhi nyingine na fidia. Baada ya uhuru, mitaa ya nyumba za kupanga na kununua ikaendelea kuimega ile hifadhi ya zamani.

Linganisha na eneo la Kahawa, pembeni mwa Nairobi. Kambi ya Templer ilikuwa ya jeshi la Uingereza, na mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali ya Kenya, majengo na uwanja wake. Ikawa Chuo cha Kenyatta, leo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Makabidhiano yalikuwa kati ya serikali mbili, na hapakuwa na mzee aliyeachwa ndani na pasi yake.

Jamii ya Wanubi ilipata hati ya pamoja mwaka 2017, ya ekari 288. Ukiwa na pasi ya babu yako, ipige picha pande zote mbili na uiweke pamoja na kumbukumbu zake za utumishi. Ekari zilizobaki nje ya hati hiyo bado zinabishaniwa, na karatasi hizo ni ushahidi.